Bibi Shamba na Korongo la Mzee Jairo

Sisi tuliofundishwa kazi na Mama Germana Nzunda tunalikumbuka korongo kuliko darasa. Darasa lilikuwa ukumbi wa kanisa pale Isongole, wenye viti vya plastiki na ubao uliopasuka pembeni. Korongo lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, juu mlimani, katika kijiji cha Ilondo, ndani ya shamba la mzee aliyeitwa Jairo Msongole. Habari zake nilizisikia kwanza kwa mama mwenyewe, kisha kwa Mzee Jairo. Walipotofautiana nilimwamini mzee, maana hata Mama Germana alikuwa akisema, "Muulizeni yeye. Yeye ndiye aliyekuwepo."

Germana alizaliwa Nanyala mwaka 1958, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa. Alimaliza kidato cha nne, akasomea cheti cha kilimo, na mwaka 1981 akaanza kazi ya bibi shamba huko huko Mbozi. Alizunguka vijijini kwa baiskeli, akionyesha watu jinsi ya kupogoa kahawa na kupiga dawa. Ushirika ulipoyumba na wanunuzi binafsi wakaanza kuingia vijijini na mizani zao, wakulima wakawa hawana haja naye sana. Serikali nayo ilikuwa inapunguza watumishi. Kila mwaka lilitoka tangazo, na kila mwaka wenzake wawili watatu walikusanya vitu vyao na kurudi makwao.

Katika hali hiyo, mwaka 1994, mradi mmoja wa hifadhi ya udongo na maji ulitangaza mafunzo ya wiki sita kwa maafisa ugani. Germana aliomba, akachukuliwa. Walikuwa watu kumi na wanane, mwanamke yeye peke yake. Alikwenda akitafuta usalama wa kazi, hakuwahi kulificha hilo. Lakini wiki ya pili mkufunzi aliwapeleka bondeni baada ya mvua, akachota maji ya mtoni kwa chupa, akaiweka mezani. Asubuhi yake udongo ulikuwa umetuama chini ya chupa, unene wa vidole viwili. "Hilo ni shamba la mtu," mkufunzi akasema, akaendelea na somo. Germana alisema hapo ndipo aliposahau habari ya usalama wa kazi.

Chombo kikubwa walichofundishwa kilikuwa rahisi: miti miwili yenye urefu sawa, uzi wa mita kumi uliofungwa kwenye vichwa vya miti hiyo, na pimamaji ndogo iliyoning'inizwa katikati ya uzi. Mmoja anasimama na mti wake, mwenzake anatangulia, anapanda kidogo au anashuka kidogo mpaka povu la pimamaji litulie katikati. Hapo miguu ya miti yote iko usawa mmoja, mnapiga vigingi. Mkiendelea hivyo mnapata mstari unaouzunguka mlima bila kupanda wala kushuka. Kwenye mstari huo mnachimba mfereji na kutupa udongo upande wa chini uwe tuta. Mvua ikija, maji yanatulia mferejini na kuzama taratibu. Hayo ndiyo makinga maji.

Mkufunzi aliwapa masharti mawili. Kila asubuhi, kabla ya kuanza, simamisheni miti yenu pamoja muone kama bado inalingana. Na kila hatua, aliyekuwa nyuma apite mbele, ili kosa la mti mmoja lifutwe na hatua inayofuata. Germana aliyaandika yote mawili kwenye daftari, akayapigia mstari.

Mwaka 1996 mradi ulimhamishia Isongole. Mumewe Eliudi, aliyekuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa, alibaki Nanyala na watoto. Germana alipanga chumba karibu na soko, na Kindali chake, lugha ya wenyeji wa huko, kilikuwa cha kuomba maji na kusalimia tu. Milima ile ilimtisha. Kwao Mbozi ardhi imelala. Huku watu walilima mahindi na maharage mahali ambapo mbuzi angesita kupita. Kila masika udongo uliteremka hadi Mto Songwe, ukavuka mpaka, ukawa wa Malawi.

Watu wa Ilondo walimkubali baada ya mikutano mitano. Aliyekuwa mgumu kuliko wote ni Jairo Msongole, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye shamba la kahawa alilorithi kwa baba yake. Makinga maji ya kwanza yalikuwa yapite juu ya shamba lake, yakianzia kwenye mpaka wake na kwenda mita mia tatu hadi upande wa pili wa kilima.

"Maji yote haya unayoyasimamisha," alimuuliza, "yakichoka kusimama yatakwenda wapi?"

"Hayatachoka, mzee. Yatazama."

"Maji hayasomi daftari lako, bibi shamba."

Watu walicheka, naye Germana akacheka. Mwishowe Jairo alikubali kwa ajili ya mkewe, Nesta, aliyekuwa ameuona mfano huo Malawi na kuupenda.

Ilikuwa Septemba 1997. Msimamizi wa mradi, Bwana Watson Simbeye, alitaka mistari mitatu ikamilike kabla ya Novemba kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kukagua. Wiki ile ile Germana alianguka na baiskeli akiteremka kwenda sokoni, na mti mmoja wa kupimia ukapasuka upande wa chini. Fundi seremala alikata sehemu iliyopasuka, upana wa vidole vitatu, akachonga ncha vizuri, akamrudishia. Germana alijua kwamba alipaswa kuukata na ule wa pili. Alijiambia ataukata jioni. Jioni ile kulikuwa na kikao, na kesho yake asubuhi watu arobaini wenye majembe walikuwa wanamsubiri mlimani.

Hakulinganisha miti. Na kwa kuwa haraka ilikuwa kubwa, hakubadilishana nafasi na mwenzake. Mti mfupi ulitangulia mbele hatua zote thelathini, kuanzia mpaka wa Jairo hadi mwisho. Kila hatua mstari ulipanda kwa vidole vitatu. Kwa macho hukuona kitu. Mfereji ulichimbwa, ukapendeza, wageni wakaja wakaupiga picha.

Mvua za msimu ule kila mtu anazikumbuka; redio ziliziita za Elninyo. Huko Ilondo mvua ilinyesha Desemba yote. Januari, siku ya nne ya mvua isiyokatika, saa nane mchana, mfereji ulipasuka juu ya kahawa ya Jairo. Maji ya mita mia tatu yalikuwa yamekusanyika kwenye ncha moja, yakatoka kwa pamoja. Mzee Jairo alisema mlio wake ulikuwa kama lori linalomwaga kokoto. Yalichukua mibuni mia na arobaini, yakachukua jiko la Nesta na mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa nyuma yake. Nesta alikuwa amekwenda kwa jirani kuomba moto. Mvua ilipokatika, katikati ya shamba kulikuwa na korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani yake hakuonekana.

Germana alipanda siku iliyofuata. Jairo alikuwa amekaa kwenye jiwe ukingoni. Hakumsalimia. Alimwambia tu, "Hesabu mwenyewe," akimaanisha mibuni.

Bwana Watson alikuja na gari la mradi siku tatu baadaye. Alitazama, akatikisa kichwa, akamvuta Germana pembeni.

"Andika mvua zisizo za kawaida. Nchi nzima madaraja yamekwenda. Hakuna atakayeuliza."

"Ngoja kwanza nipime."

"Upime nini, mama? Mfereji umeshapasuka."

Lakini Germana alikuwa ameshaanza kuona jambo. Sehemu nyingine ya mfereji, ile ya upande wa pili wa kilima, ilikuwa kavu. Kama mvua ndiyo iliyouzidi nguvu, kwa nini huko tope halikufika hata nusu? Aliazima kwa fundi mjenzi mpira wake mrefu wa maji, ule wa kupimia msingi wa nyumba, akakaa siku mbili akipima kipande kwa kipande. Mwanzo wa mfereji ulikuwa chini kuliko mwisho wake kwa kimo cha kifua chake. Akarudi chumbani, akaisimamisha ile miti miwili ukutani. Mmoja ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu. Alikaa kitandani akiitazama.

Jumamosi alipanda gari kwenda Nanyala, akamweleza Eliudi. Alimwambia pia kuhusu tangazo la kupunguza watumishi, kwamba mwaka ule lilikuwa linaangalia wenye makosa kazini kwanza. Walikuwa na watoto wanne, wawili sekondari. Eliudi alikuwa mtu wa maneno machache.

"Ukiandika mvua," alisema, "huko Ilondo utakuwa unapita njia gani?"

Mkutano wa kijiji ulifanyika Jumatano. Mwenyekiti, Boazi Kayange, alifungua kwa kusema kwamba hii ni kazi ya Mungu na wanakijiji wawe na subira. Germana akaomba kusimama. Alikuwa amekuja na miti yote miwili. Aliisimamisha mbele yao.

"Mvua ilikuwa kubwa, kweli," alisema. "Lakini mvua haikuchagua shamba la Mzee Jairo. Mimi ndiye niliyeyaelekeza maji kwake. Mti huu ulikatika, nikaujua, nikapimia hivyo hivyo."

Jairo akauliza kutoka nyuma, bila kusimama, "Huko ulikosomea walikufundisha kupimia mti uliokatika?"

"Hapana, mzee. Walinikataza."

"Basi wewe hukukosea kwa kutojua."

"Sikukosea kwa kutojua."

Mama Germana alituambia kwamba katika maisha yake yote hakuna sentensi iliyomwia nzito kuitoa kinywani kama hiyo. Mzee Jairo naye aliniambia kwamba alikuwa amekuja mkutanoni na maneno mengi, na baada ya hiyo akarudi nayo nyumbani.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Wenye mifereji mingine miwili waliifukia wiki ile ile. Bwana Watson alikasirika, akaandika barua, na Germana akapewa onyo la maandishi na kuambiwa atahamishwa. Hakupunguzwa kazini; kwa nini, hakuwahi kujua. Yeye akaandika barua yake kuomba abaki Isongole. Mradi ukakubali, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kwenda.

Alikwenda kwa Jairo akamwambia anataka kulifunga lile korongo, na kwamba ataleta vibarua wa mradi.

"Vibarua siwataki," Jairo alisema. "Kama unataka, beba mawe wewe."

Akabeba. Kiangazi cha 1998, kila Jumamosi, alipanda Ilondo akiwa amefunga kanga mbili kiunoni, akaokota mawe mtoni na kuyapandisha kwa kichwa. Alikuwa na miaka arobaini. Kwanza alichimba mtaro wa kuyageuza maji juu ya korongo yasiingie tena. Kisha akaanza kujenga vizuizi vya mawe ndani yake, kimoja baada ya kingine kama ngazi, ili maji yakipita yaache udongo. Wiki tatu za mwanzo alikuwa peke yake, na Jairo alikuwa akipita na jembe lake begani kana kwamba korongo halina mtu. Wiki ya nne Nesta alikuja na ndoo ya togwa, akampa Germana anywe, kisha akajitwika jiwe.

"Mume wako atasemaje?" Germana akamuuliza.

"Jiko lilikuwa langu," Nesta akajibu.

Vizuizi vinne walivyomaliza mwaka ule vilishindwa vyote kwenye mvua za Desemba. Maji hayakupita juu ya mawe; yalizunguka pembeni, yakala kingo, yakaacha ukuta umesimama katikati kama jino. Germana aliposimama akitazama, Jairo alikuja akasimama karibu naye kwa mara ya kwanza.

"Baba yangu alikuwa anatega samaki Mto Songwe," alisema. "Alikuwa anazuia kwa mawe. Ukuta wake haukuishia kwenye ukingo. Aliuchimbia ndani ya ukingo, huku hatua moja, huku hatua moja. Na katikati aliuacha chini, maji yajue pa kupita."

Germana alikuwa amefundishwa jambo hilo hilo, lilikuwa kwenye daftari lake, na mchoro juu. Alikuwa amechimbia kingo kidogo mno kwa sababu mawe yalikuwa mazito na yeye amechoka. Hakumwambia Jairo kwamba analijua. Alimwambia, "Nionyeshe."

Kiangazi kilichofuata walikuwa watatu. Walijenga vizuizi tisa, wakapanda majani marefu ya mabingobingo kwenye kingo na migomba kwenye udongo ulionaswa. Mwaka 2001 Nesta alikata mkungu wa kwanza ndani ya korongo. Mibuni mia na arobaini haikurudi. Mahali pengine udongo uliobaki ulikuwa mwembamba mno, na Jairo alikuwa akiionyesha sehemu hiyo kwa kila mgeni, hata Germana akiwepo, akisema, "Hapa palikuwa na kahawa."

Mwaka 2003 wilaya ilianza kuajiri maafisa ugani upya, vijana waliosoma udongo vitabuni. Mradi ulikuwa umekwisha zamani, na mtu pekee aliyekuwa amekaa na kazi hiyo kwa muda mrefu alikuwa Germana. Akaombwa awafundishe wiki mbili kila kiangazi, na wilaya jirani zikawa zinaleta watu wao pia. Mimi nilitoka Mbozi, kundi la mwaka 2004, watu saba. Siku ya tatu alitupa miti, uzi na pimamaji, akatutuma tupige mstari juu ya korongo. Tulipiga kwa kujiamini sana. Ipyana, mwenzetu aliyekuwa na stashahada, alitangulia mbele tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu alikuwa mrefu na anaona mbali.

Mzee Jairo alikuja na fimbo yake. Aliutazama mstari wetu kwa muda mfupi tu.

"Maji haya yanakuja kwangu," alisema.

Ipyana akacheka. "Mzee, hapa tumepima."

"Hata yeye alipima," mzee akasema, akimnyooshea Mama Germana kidole.

Mama Germana akachukua miti yetu, akaisimamisha pamoja. Mmoja ulikuwa mfupi. Alikuwa ameukata mwenyewe asubuhi ile, kwa makusudi. Kisha akatuketisha ukingoni, akatueleza yote niliyoyasimulia hapa, na mzee akawa anamrekebisha: mbuzi hawakuwa watatu, walikuwa wawili, siku haikuwa ya tano, ilikuwa ya nne. Hakuna aliyecheka tena.

Kuanzia kundi letu, kila mwaka cheti kilikuwa na sharti moja zaidi ya yale ya kawaida. Mwanafunzi alipaswa kurudi kazini, na baada ya masika moja amletee maandishi ya kosa alilolifanya shambani kwa mtu na alivyolirekebisha. Aliyesema hana kosa alirudishwa. Ipyana alikaa miaka miwili bila cheti.

Mzee Jairo alifariki mwaka 2009. Nesta alimtuma mjukuu wake Isongole kumwita Mama Germana kabla ya kaburi kuchimbwa. Wazee wa ukoo walikuwa wamechagua mahali karibu na nyumba, lakini marehemu alikuwa ameacha neno kwamba asilazwe popote mpaka bibi shamba apaone. Mama Germana alizunguka shamba na miti yake, watu wa msiba wakimtazama. Alisogeza mahali pale hatua saba kuelekea juu. Hapo ndipo walipochimba. Aliniambia kwamba Jairo hakuwahi kumtamkia kuwa amemsamehe, naye hakuwahi kumuuliza.

Wilaya ya Momba ilipoanzishwa, mwaka 2013 alihamishiwa Chitete kuwafundisha maafisa wa bondeni. Alikuwa na miaka hamsini na mitano na angeweza kustaafu. Huko hakukuwa na milima. Kulikuwa na tambarare, udongo mweusi unaonata, na mapito ya ng'ombe yaliyogeuka makorongo marefu kuelekea mitoni. Maafisa walikuwa wakiwalaumu wafugaji, wafugaji wakiwalaumu wakulima. Siku ya kwanza darasani alisema, "Mimi udongo huu siujui," akafunga darasa. Akaenda kwa mfugaji mmoja Msukuma, Makene Ndalahwa, akamwomba atembee nyuma ya ng'ombe wake wiki nzima.

"Mama, utaweza?" Makene alimuuliza. "Jua la huku si la Mbozi."

"Nitakaa nyuma. Nikichoka utaniona."

Alitembea siku tano kati ya saba. Mwisho wake alikuwa amejua kwamba ng'ombe hawakuwa wakifuata njia moja kwa ukaidi. Mashamba mapya yalikuwa yameziba njia nyingine tatu za kwenda kwenye maji. Ilichukua mwaka mzima wa vikao mpaka njia moja ikafunguliwa, na pito la zamani likafungwa kwa vizuizi vinne. Makene alichimba majaruba ya mpunga chini yake ili anase maji yaliyobaki, jambo ambalo Makene ndiye aliyelifundisha, nao maafisa wakaliandika.

Mvua za mwanzo wa 2015 zilipokuja, vizuizi viwili vilisimama na viwili vikaenda na maji. Taarifa yake ya mwisho niliisoma mwenyewe, kwa kuwa alinitumia nakala. Ilikuwa na kurasa tatu. Vilivyosimama vilipewa nusu ukurasa. Alistaafu Juni mwaka huo, akarudi Nanyala kwa Eliudi. Nafasi yake ilichukuliwa na binti mmoja, Scola Simkoko, aliyemfundisha mwenyewe. Siku ya kukabidhiana ofisi Scola hakuwepo. Alikuwa kwenye korongo na Makene, wakichimbia ukuta ndani ya ukingo. Mama Germana aliacha funguo kwa mlinzi, akapanda basi.